Chumba cha Mama Barabarani

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Babu yako bado anakohoa, sisi wengine wazima.

Umeuliza maana ya lile neno la Kiingereza, "expand". Ni kupanua. Wanalitumia kwa duka, kwa shamba, hata kwa barabara.

Mimi lilinifika hapahapa Kariakoo, enzi za Ujamaa. Ofisa wa ramani alimwambia mama yangu, "Tunapanua barabara, mama, kwa faida ya wote."

Mama akajibu, "Haya, mwanangu. Ila vueni viatu, hicho ni chumba cha kulala."

Hawakuvua. Tingatinga likabomoa chumba, na mama hakumaliza mwaka.

Barabara ilipanuka vizuri, sikatai. Lakini mpaka leo nikivuka pale navua ndala. Madereva wananipigia honi. Waache wapige, mimi naingia chumbani kwa mama.

Bibi yako