Uma wa Nyuma Ulipolegea

Kasulu, Ijumaa asubuhi

Mke wangu Mama Neema,

Amani ya Bwana ikukute umekaa kitako, usiwe mbiombio. Huko Lushoto mmeamkaje? Kifua cha mama kimepoa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo hautulii. Wenzangu wa idara ya afya kule Kibondo nikiwaambia watanicheka, kwa hiyo nakuambia wewe.

Nina hofu na pikipiki. Tangu mvua zianze, nyuma ilikuwa inatikisika kama mkia wa mbuzi. Ule uma wa nyuma, mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu, ulikuwa unacheza. Fundi baiskeli wa Kibondo akakaza bolti, na kwa kuwa grisi imeadimika akapaka mawese. Huku mawese ni dawa ya kila kitu. Ukaacha kucheza, nikamshukuru.

Juzi nikaja Kasulu kuchukua chanjo ya surua. Kwenye mteremko mrefu nikasikia nyuma inavutwa kushoto, kama kuna mtu ameshika. Nilidhani ni tope. Mbele nikamwona bibi mmoja na mzigo wa kuni. Mama Neema, kwetu ningepunga mkono nikapita. Waha, wenyeji wa huku, hawapendi hivyo. Mzee unamshukia, unapiga makofi taratibu, mnaulizana habari mpaka ziishe. Nikasimama.

"Mwakeye, bibi," nikamsalimu kwa Kiha chao.

"Mwakeye, mwana wanje," yaani mwanangu. Akaitazama pikipiki. "Mbona mnyama wako anachechemea?"

Nilipoiweka kwenye stendi gurudumu likalala upande. Nati ilikuwa imeshadondoka, bolti imetoka nusu! Na chini pale kuna daraja la magogo. Nikakaa barabarani. Yule bibi akatua kuni zake, akakaa nami hadi lori la mahindi likatubeba, mimi na pikipiki.

Hapa yuko fundi Yohana, mwenye karakana ndogo karibu na soko. Alipovuta ile bolti akanusa.

"Bwana chanjo, mawese haya ulitaka kuikaanga?"

"Grisi haipo, fundi."

"Basi ungeweka na kitunguu."

Bushi, zile pete za ndani bolti inamopita, zimelika hadi zimekuwa na umbo la yai. Mawese yalinata vumbi, vumbi likasaga chuma. Amechonga nyingine za shaba, akazigonga polepole juu ya kipande cha mbao, akatia grisi aliyokuwa akiitunza kwenye kopo la maziwa. Akaniambia, "Shika gurudumu, tikisa." Nikatikisa kwa nguvu zangu zote. Kimya. Uma unapanda na kushuka, pembeni hauendi hata kidogo.

Uma umetulia, mimi bado, Mama Neema. Nimesali tangu alfajiri, na bado naliona lile daraja. Chanjo iko kwenye sanduku na barafu haisubiri mtu. Katika kijiji ninachokwenda, ng'ambo ya daraja lile, surua imeshaingia, kina mama wameambiwa walete watoto leo. Nisipoondoka, ni wao watakaoumia. Nikiondoka, nawafikiria ninyi.

Nimemuuliza Yohana, "Ingekuwa wewe, ungepanda?" Nilidhani atanitania tena. Amenawa mikono kwa majivu, akamwita mkewe amletee koti. "Nitakaa nyuma yako mpaka tuvuke daraja. Nitarudi kwa miguu."

"Si mbali?"

"Mbali. Kwa hiyo endesha vizuri, nisitembee bure."

Msalimie mama, mwambie asinywe maji baridi. Msalimie kaka mkubwa anayetulimia shamba la bondeni, na shangazi aliyemsimamia Neema kwenye ubatizo. Mbusu mtoto. Usimwambie mama habari ya daraja.

Barua hii namwachia mke wa fundi aipeleke posta, kwa hiyo ikikufikia hutajua bado kama tumevuka. Niombee hivyo hivyo, Mungu hachelewi kama posta. Namalizia kuandika nikiwa juu ya pikipiki; Yohana amekwisha panda nyuma, ameshika koti langu kwa mikono miwili. Naye anaogopa, nimemsikia anapumua.

Mumeo akupendaye,
Baba Neema