Dawa Niliyokuacha Uisubiri

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Huu ni mwaka wa pili huitikii, na bado siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila hiyo. Nimekaa kwenye benchi lako hapa Mungaa, upande wa jikoni. Mama ameenda kisimani. Nimeona niandike, na watu wengine wasome, kwa sababu jambo lenyewe uliwaambia watu wengi.

Unakumbuka mwaka ule mvua ilipokatika mahindi yakiwa yanatoa ndevu, halafu ikarudi tulipokuwa tunavuna? Nilikuwa darasa la sita. Mahindi yalifika nyumbani yamelowa. Ulitukalisha mimi na Mama kwenye turubai, tukachambua punje moja moja: nyeupe huku, zenye ukungu wa kijani kule. Nilipotaka kuwamwagia kuku zile mbaya, ulinishika mkono.

"Acha hizo, Mariamu. Hizo ni zangu."

Ukawa unazikaanga na kwenda nazo shambani msimu mzima, sisi tukila ugali wa zile nyeupe. Mama aliponung'unika ulimwambia, "Tumbo langu limezoea." Tulicheka. Mimi ndiye niliyecheka sana.

Chuoni ndipo nilipojifunza kwamba ule ukungu hutengeneza sumukuvu, na kwamba sumukuvu hulila ini taratibu, miaka na miaka. Siku hiyo sikuandika chochote kwenye daftari. Nilikuwa nakuona unatafuna. Ndiyo maana nilipomaliza niliomba kazi kwenye maabara moja ya Dodoma inayouchunguza ukungu huo. Sikuwahi kukwambia hivyo.

Halafu ukaja Dodoma kupigwa picha ya tumbo. Ulikuwa umekonda, macho yameanza kuwa ya manjano. Majibu yalikuwa ya kesho yake na hukutaka kushinda chumbani kwangu. Ulisema unataka kuona ninakofanya kazi. Nilikuvalisha koti jeupe, likakubana mabegani. Ulimsalimia kila mtu, hadi dada aliyekuwa anaosha vyombo, ukamuuliza kwao ni wapi na mvua imenyesha namna gani.

Nilikufungulia friji nikakuonyesha vichupa vya kemikali vilivyosafirishwa na barafu kutoka nje, kila kimoja na unga usiozidi chembe chache za chumvi. Nilikueleza kwamba ukungu hautengenezi sumu kwa mara moja. Unaanza na kemikali nyingine, sisi tunaiita kitangulizi, unaigeuza hatua kwa hatua mpaka inakuwa sumu. Tulikuwa na aina moja ya ukungu inayokwama njiani, kitangulizi chake kikalundikana mpaka sahani nzima ya kuuoteshea ikawa nyekundu. Kazi yangu ilikuwa kutafuta vizuizi, yaani kemikali, kama zile za kwenye vichupa, za kuufanya ukungu usianze kabisa ile safari. Kizuizi kikifaa, ule wekundu hautokei.

Ulichukua sahani mbili zilizofunikwa ukaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Moja nyekundu, moja nyeupe.

"Hii nyeupe mmeiwekea dawa?"

"Tumeiwekea kizuizi, Baba."

"Na ukungu bado mzima?"

"Mzima. Ila haujaanza kutengeneza sumu."

Ulizirudisha sahani mezani. Kisha ukaweka kiganja kwenye ubavu wako wa kulia, juu ya lile koti. "Na huku ndani, je?"

Nilipaswa kukwambia pale pale. Kichupa chenyewe kimeandikwa kwamba si cha kutumiwa na binadamu. Kile kitu kinauzuia ukungu kwenye sahani. Hakiwezi kulirudisha ini lililokwisha kuliwa. Lakini ulikuwa unaniangalia jinsi ulivyoniangalia siku nilipofaulu darasa la saba. Nikasema, "Bado tunaifanyia kazi."

Kesho yake daktari alisema ni ini, na kwamba tumechelewa. Nilimuuliza kama ni zile punje. Akasema hakuna anayeweza kujua. Hata mimi sijui, na sitajua. Tulipotoka nje nilikuwa nalia, wewe ndiye ukanibembeleza. "Unalia nini, mama? Si unayo kwenye friji?"

Ukarudi nyumbani na maneno hayo. Uliyasema mashineni, ukayasema msikitini, ukawaambia na wanaokuja kununua alizeti. Kila Ijumaa baada ya swala ulinipigia. "Imefika wapi?" Nami, "Tunaendelea, Baba." Mama aliniambia baadaye kwamba alikusihi umwite Baba Mdogo, ambaye kwa miaka mlikuwa hamsemeshani, mpatane. Ulimjibu utakwenda kwake mwenyewe kwa miguu yako ukishapona. Baba Mdogo alikuja kwenye mazishi yako. Alikaa nyuma ya nyumba peke yake.

Ijumaa ya mwisho uliyonipigia uliniambia, "Hata kidogo tu, mwanangu. Hata ile ya kujaribia." Nilipanda basi. Nilipoingia chumbani kwako hukuniangalia usoni, uliangalia mkoba wangu. Nilitoa machungwa. Uliendelea kuuangalia.

Kizuizi kile hakikufika popote. Kwenye sahani kilifanya kazi. Tulipokipeleka kwenye mahindi ya kweli, yenye unyevu na wadudu dumuzi na vumbi, ukungu ulitengeneza sumu yake kama vile hatupo. Tulibadilisha kipimo, tukajaribu kingine na kingine. Mradi ukafungwa. Vichupa vilivyobaki vilikwenda kwenye taka za kemikali, na mimi ndiye niliyevimwaga.

Nimerudi nyumbani wakati wa mavuno. Mvua imeyakuta tena mahindi yakiwa shambani. Mama anachambua jinsi ulivyotufundisha. Nimemwambia sumu haionekani kwa macho, hata punje nyeupe inaweza kuwa nayo. Aliacha kuchambua akaniuliza, "Sasa unataka tule nini?" Alikuwa anauliza kweli, si kwa hasira.

Leo asubuhi amekuja Mzee Ntandu, jirani yako wa ng'ambo ya korongo. Tumbo limemjaa, mikono imebaki mifupa, na macho yake ni yale yale uliyokuja nayo Dodoma. Nimemwamkia, ameitikia, nimempa kiti. Amepumzika kwanza ndipo akasema, "Marehemu alituambia dawa unayo. Alisema itachelewa, lakini utaileta."

Nimemweleza yote, Baba. Kwamba haipo. Kwamba haijawahi kuwepo, na hata wewe nilikudanganya kwa kukuficha ukweli. Amenisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha ameniuliza polepole, kwa lugha yetu ya Kinyaturu, kama ninamnyima kwa sababu yeye si ndugu yangu.

Nimemwapia. Nimemwambia ungekuwa bado hai kama ningekuwa nayo. Amesimama kwa kushika ukuta, amekataa nimsaidie, akateremka korongoni peke yake. Mara mbili amesimama akageuka kunitazama, nadhani akingoja nimwite.

Nisamehe, Baba, kama huko uliko mtu anaweza kuombwa msamaha.

Ni mimi, binti yako,
Mariamu