Ile "Tu" ya Mlimani

4 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limekupa nafasi ya kupumua. Mimi sijambo, ila mikono inanuka hamira hata niisugue vipi.

Nina habari! Wenzangu wa kiwanda cha mikate wanakwenda mlimani katikati ya mwezi, kwenye nyumba ya bibi yake Mrefu, yule tunayekanda naye unga meza moja, nami nimealikwa! Nimekwisha kununua viatu vya kupandia mlima. Navivaa chumbani, na jirani wa chini anagonga dari yake kwa ufagio.

Usihofu, uamuzi wangu uko palepale. Mwezi ujao ukiisha naacha kazi, narudi kwako moja kwa moja. Hapa mimi ni mgeni tu, kila mtu ana wake. Nusu ya vitu zangu zimo sandukuni.

Binti yako

12 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti linaniruhusu kwenda sokoni, tatizo ni kurudi.

"Vitu vyangu vimo", si "vitu zangu zimo". Ngeli haziendi likizo kwa kuwa wewe uko ughaibuni. Sikufundisha sarufi maisha yangu yote ili binti yangu aniandikie hivyo.

Nenda mlimani ukapunge hewa, na uvae soksi mbilimbili. Nimeanza kukipaka rangi chumba chako. Fundi ameniuliza, "Mzee, huyu binti anarudi kweli, au tunawapakia mijusi?" Nimemwambia achovye brashi yake, anyamaze. Majirani wote wanajua unarudi. Wamechoka kunisikia.

Baba yako

21 Mei

Baba,

Shikamoo! Goti je? Haya, keti kwanza.

Gari lilikwama kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumba. Tukashuka, tukasukuma, na dereva wetu wa kusambaza mikate kashika usukani anapiga kelele, "Mnalisukuma au mnalikanda?" Tulifika tumejaa matope, tukafungua madirisha, mlima ukajaa mle ndani mzimamzima! Mama Hamira, msimamizi wetu, akasema, "Haya, leteni mkate tule."

Kila mmoja alidhani mwenzake ameubeba. Waoka mikate wanne, hata chembe ya mkate hatuna!

Tukapata unga kabatini, tukawasha jiko la kuni la bibi, tukaoka. Ukatoka mweusi kama mkaa. Mrefu akaugonga mezani, akasema, "Huu tutauegemeza mlangoni, upepo usifungue." Baba, mimi tulicheka hadi tukakaa sakafuni! Asubuhi tulipanda hadi kileleni, tukaimba vibaya, tukashuka kwa makalio. Tumekubaliana kurudi mvua zikiisha.

Lo! Mvua zikiisha nitakuwa huko kwako. Sijawaambia. Rangi imekauka?

Binti yako

28 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo. Mwenye goti ndiye hajatulia.

Nimeisoma barua yako na kalamu nyekundu mkononi, kama kawaida. Umeandika "mimi tulicheka". Nafsi ya kwanza umoja haichukui "tu-", na mwanafunzi yeyote ningemkata alama. Nikainua kalamu. Kisha nikasoma tena tangu gari lilipokwama, ikawa "tu-" baada ya "tu-", na sikukutana na "ni-" hata moja mpaka ulipokumbuka kurudi kwangu. Barua zako zote za nyuma zilikuwa "nilikula", "nililala", "ningoje hadi lini".

Kosa hilo nimeliacha kama lilivyo.

Usiache kazi. Waambie wenzako kwamba mvua zikiisha utakuwa nao. Majirani nitawaeleza mwenyewe, watashukuru kupata habari mpya. Rangi imekauka, ni ya kijani, na sakafu inatosha magodoro manne, ingawa huyo Mrefu itambidi akunje miguu.

Kuhusu likizo yako, hapa nilikuwa nimeandika "njoo". Nimelifuta.

Njooni. Na mkate msiusahau.

Baba yenu