Urea ya Ijumaa

Jumatano jioni, Kiriba

Mpunga wangu bado wa njano. Wa wifi yangu Bhoke, jaruba la chini, umekuwa kijani mpaka unaelekea weusi, na yeye hajaweka mbolea hata punje.

Ijumaa ile nilijua kabisa, maji yanatolewaga kwanza, urea inamwagwa kwenye udongo wenye unyevu, ndipo maji yanarudishwa. Lakini jua lilikuwa linazama na Sabato inaingia. Nikaimwaga juu ya maji hivyo hivyo, nikakimbilia nyumbani kuoga. Hata pale tuta linapotolea maji sikuziba. Kesho yake siku nzima mimi naimba kanisani, maji yanashuka kwa Bhoke na mbolea yangu.

Leo kanitania: "Wifi, mpunga wako umefunga na kusali, wangu unakula tu." Nikacheka naye. Halafu akaniangalia usoni, akaacha kucheka.

Mfuko ulikuwa huo mmoja. Chakula chetu cha mwaka kiko kwenye jaruba langu hilo, na sioni...

Nimepiga magoti nikashindwa kuomba. Kazi niliiacha katikati kwa ajili Yake, na hakuna mwingine wa kumlilia.