Boksi la Mashujaa wa Chuma

Chumba cha kushonea,
Nyuma ya duka la fundi viatu.
Jumapili, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumbani. Hujambo huko? Kile kikohozi kimepoa, au bado unakunywa maji ya barafu kwa ubishi wako? Sisi ni wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Binti yako Chiriku amerefuka, magauni yote niliyomshonea yamekuwa mafupi, na kwa maneno anastahili lile jina la utani kuliko ulivyomwacha.

Boksi la diski limefika salama pamoja na barua yako. Umeniomba niitazame katuni yote kisha nikupe maoni ya kweli, maana kuna sehemu ya pili dukani, na kama inafaa utamtumia mtoto likizo ikifika, kwa kuwa wewe mwenyewe umeamua kubaki kazini tena. Basi nimeitazama mpaka diski ya mwisho. Unanijua, sina maoni ya nusu nusu.

Nilidhani nitaona vyuma vikigongana tu. Kumbe ni hadithi ya ufalme unaoshambuliwa na majoka, na mlinzi mmoja aliyemwacha mtoto wake langoni akaenda vitani ndani ya jitu la chuma refu kama ghorofa. Jitu lenyewe halitumii mafuta. Linatembea kwa pumzi za aliye ndani yake, na yeye akichoka, nalo linapiga magoti. Hilo lilinigusa, kwa sababu aliyelibuni anajua kazi inavyomla mtu. Na yale majoho wanayovishwa majitu yamechorwa na mtu anayekijua kitambaa: upepo ukivuma, pindo linafuata bega, halitangulii.

Ubaya nao upo. Katikati hadithi inazunguka palepale, wanapigana, wanapumzika, wanapigana tena. Malkia anahutubia jeshi mpaka pasi yangu inapoa. Na kelele za vita vile zilimleta fundi viatu mlangoni, kuuliza kama ukuta umetuangukia.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu leo. Maandishi ya chini ya picha yanapita mbio, na macho yangu huwa kwenye sindano, kwa hiyo Chiriku ndiye aliyekuwa akinisomea kwa lugha yetu. Anajua kusoma huyo, anabadilisha sauti kwa kila mtu, hata kwa joka. Kwenye diski ya mwisho niliinua macho nikamwona mlinzi anatoka kifuani mwa jitu, anavua kofia ya chuma, anamkumbatia mtoto wake langoni. Nikafurahi kweli. Chiriku akasoma, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, kwamba mlinzi anaota tu, bado yuko mbali, na ametuma salamu.

Sikuridhika. Alipokwenda shule nilivaa miwani, nikairudia, nikisimamisha picha kila mstari. Hakuna ndoto yoyote. Mlinzi anasema amerudi nyumbani, na hadithi inaisha.

Mtoto aliporudi nilimuuliza taratibu kwa nini alinisomea vile. Nilitegemea kicheko, maana ni mtundu. Akaendelea kuokota vipande vya kitambaa sakafuni, akasema, "Shangazi, pale waliweka tu ili watu wafurahi. Mimi nilikusomea inavyokuwa kweli."

Mdogo wangu, niliinama nikaokota vile vipande pamoja naye. Sikulaumu kwa kazi. Najua unakaa kwenye kile kibanda cha kreni, juu kabisa, kutwa nzima kwa ajili yetu, na ada ya shule haiokotwi njiani. Lakini nimeumia. Mtoto huyu halii, haulizi utakuja lini, nasi hapa tulikuwa tukimsifu kwamba amezoea. Hajazoea. Ameacha kukutarajia, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Basi maoni yangu ni haya. Katuni ni nzuri, inafaa mtoto yeyote, na sehemu ya pili huenda ikawa nzuri zaidi. Usiinunue. Chukua likizo yako, hata kama ni fupi, uje ukae naye na umchoshe kwa maswali ya shule kama baba wengine.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Kaka yetu mkubwa na mkewe wanakusalimu, na fundi viatu naye anauliza kama ile jozi ya viatu aliyokushonea bado inakufaa. Chiriku hajatuma salamu. Nilimpa kalamu aongeze mstari wake hapa chini, akanirudishia kwa adabu zote, akasema atakusalimia utakapofika.

Mungu akulinde huko juu uliko, na akushushe salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Dada Sindano