Tangi la Ma Klaudia Limejaa Majina

Kabla hamjasoma barua ya leo, mjue kwamba mimi Ta Gamaliel nimefuga samaki wa maji ya chumvi miaka ishirini na sijazika hata mmoja. Haya, sijazika kwa sababu sijafuga. Niliishia darasa la sita, na mnyama pekee niliyewahi kumfuga ni mbwa, akahamia kwa jirani. Lakini barua hii kutoka Rubya imenifanya niache chai ipoe, nikaenda kuuliza wanaojua.

*Mpendwa Ta Gamaliel, shikamoo,*

*Nakuandikia wewe maana nikimwambia mtu wa hapa ataona nimerukwa na akili. Nilipika kwa Mama Hemlata pale Bukoba mjini miaka ishirini na saba, na walipofunga duka wakahamia Dar es Salaam kijana wao Nimesh akaniachia tangi lake la kioo, lita mia mbili, lenye mawe ya baharini na samaki wanne wa rangi rangi, akanifundisha kuchanganya maji na ile chumvi yake ya pakiti, nami kwa upweke nikawapa samaki majina ya wanangu wanne, kisha kila mjukuu akizaliwa nampigia Nimesh anaagiza samaki mdogo anakuja na ndege ndani ya mfuko, na yule wa njano nikampa jina lako kwa sababu ananichekesha, mpaka majina yakawa kumi na moja, ingawa kwa kidole sijawahi kuwahesabu, mama mkwe alinikataza kuhesabu watoto, mimi naita jina tu na mwenyewe anakuja kwenye kioo.*

*Tangu Kwaresima kuna wanaoitwa na hawaji. Mzoga hakuna, mwiba hakuna, kifuniko kimefungwa. Juu ya kioo, kwa nje, zinaota alama nyeupe kama vidole vya mtu anayeng'ang'ania asizame, nazifuta asubuhi, jioni zimerudi. Na ndani ya pango la jiwe, mchana kweupe, nimeona uso ambao hakuna aliyeuleta, unafungua mdomo na kufunga, polepole, kama unatamka jina bila sauti. Wa kwanza kutokuja alikuwa Edvina, na mjukuu wangu Edvina akalazwa wiki ile ile, akapona. Ijumaa saa tisa alasiri nikamwita Datius, mwanangu anayevua visiwani. Nikaita na kuita. Hakuja, na tangu siku hiyo simu ya Datius haipatikani. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi.*

*Sasa binti yangu Annastella anatarajia pacha mwezi ujao. Niongeze wawili, au watatu ili Datius arudi? Tangi hili linabeba wangapi? Na nisipoongeza, si nitakuwa nimewafungia watoto mlango?*

*Klaudia, Rubya*

Ma Klaudia, marahaba, pole, na sasa nikugombeze.

Nimempigia Nimesh. Nilipomtajia kumi na mmoja akapiga kelele: "Mzee, kumi na mmoja! Nilidhani wale wa mwanzo walikufa na Mama Klaudia anaona haya kusema! Nilidhani nawaleta wa kujazia!" Basi yeye anaona haya kuuliza, wewe unaona haya kuhesabu, na samaki wanabanana kama wako kwenye gunia la kahawa.

Umezaliwa karibu na ziwa, ukiona maji unaona nafasi. Lita mia mbili za maji ya chumvi ni samaki wadogo wanne, watano wakiwa na adabu, tena unampima kwa ukubwa atakaoufikia, si kwa alivyotoka mfukoni. Mavi yao yanabaki mle mle na hewa ni ile ile. Hivyo vidole vyeupe ni chumvi. Maji yanakauka, chumvi haiendi popote, nawe unajazia maji ya chumvi tena. Jazia maji matupu, mama! Na uso ule, Nimesh anasema, ni mkunga, samaki mrefu kama nyoka, aliyejificha kwenye mawe akiwa mwembamba kama kalamu. Anafungua mdomo ili apumue. Hatamki jina la mtu. Anakula tu.

Kwa hiyo usiongeze hata mmoja. Pacha wa Annastella washonee nguo. Nimesh anakuja Jumamosi kumtoa huyo mlafi na kupunguza wengine, wabaki wanne. Uwahesabu kwa kidole, na wasiwe na majina.

Ningeishia hapo nikacheka. Lakini ile namba ya Datius niliipiga, kimya. Nikamtafuta tajiri wake kule Kemondo, mwenye mtumbwi, naye akampa simu. Ni mzima, Ma Klaudia. Nimempa namba yako, atakupigia.

"Ijumaa tulipinduka, Mzee," akaniambia. "Simu ilizama, na namba zote humo. Nilishika ubao mpaka wakanivuta."

Nikamsimulia habari ya tangi ili acheke. Hakucheka.

"Mama aliniita saa ngapi?"

Nikamsomea barua: saa tisa alasiri.

Akaniomba niirudie hiyo saa, nikairudia. Kisha akasema, "Mwambie nilimsikia."

Darasa la sita hawafundishi hayo, sikuuliza zaidi. Ila nimekuhangaikia, na nikudai nisikudai, fadhila moja utanirudishia. Weka gazeti chini. Nenda kwenye kioo, uite jina langu. Akija yule wa njano, nitumie ujumbe nilale vizuri. Asipokuja, usiniandikie kitu. Wewe endelea kuita.