Kochi la Baba

Jumamosi, Ruiru

Mkono bado unaniuma, lakini si huo unaoninyima usingizi.

Leo tumemhamisha Baba kutoka Makongeni aje akae kwangu. Kochi lake likakwama kwenye kona ya ngazi, likawa halipandi wala halishuki. Kaka yangu Kamau akaanza kufoka, "Inua huko kwako! Si nimesema inua?" Nikamjibu vibaya. Majirani wakachungulia. Mwishowe akaamua tulikate miguu kwa msumeno.

Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi, pale tulipomweka. Tangu apate kiharusi hajatamka neno, hata jina langu. Akagonga ukuta kwa ule mkono wake mzima. Tulipogeuka, akatoa kasha la miwani mfukoni, akalisimamisha wima juu ya goti, akaliinamisha kidogo, kisha akalizungusha polepole.

Tukafanya vivyo hivyo. Kochi likapita bila kugusa ukuta.

Kamau akacheka. "Kumbe Mzee bado yuko." Mimi sikuweza kucheka.

Kwa sababu Jumapili iliyopita, tukinywa chai mbele ya Baba, Kamau aliniambia, "Huyu siku hizi haelewi kitu. Tuuze tu hilo shamba lake." Nami nikasema sawa. Baba alikuwa anatutazama. Nilidhani anatazama tu.

Jioni nimempelekea chai. Ameitazama, akanitazama mimi, kisha akakisukuma kikombe kwa kidole, polepole, mpaka kikafika upande wangu wa meza.